Kuchuma na Kusaza

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mkakati wa kikanda, wa 2021/22 hadi 2031/32, kuhusu uchumi unaotokana na mimea, mifugo, samaki, kuvu na vijidudu. Kwa Kiswahili tuuiteje?

"Bayouchumi" limepindua mwendo wa lugha. Sisi hutanguliza kitu, sifa ikafuata: mbwamwitu, batamzinga, elimuviumbe. "Bioanuwai" imeshapenya kwa mlango huo, tusiuache wazi.

"Uchumi wa kibayolojia" hauna kosa la sarufi, ila unanukia maabara. "Uchumi hai" ni mtamu, lakini mtu atauliza: kwani ule mwingine umekufa? (Kuna miezi ningemjibu ndiyo.)

Mimi naona "uchumi-viumbe". Uchumi umezaliwa na kuchuma: karafuu, embe, kisamvu. Kabla haujawa hesabu za benki, ulikuwa mkono unaofika tawini. Ukiuunga na viumbe, umeurudisha shambani ulikotoka.

Linaloniuma hasa ni "taka za kilimo". Mwombe mpishi wa Pwani akutajie nazi baada ya tui: makumbi, yanayotoa usumba wa kusokotea kamba, kifuu, kinachochongwa upawa, machicha, ambayo kuku wanayasubiri mlangoni. Mpunga una kumvi na pumba, mahindi yana mabua na magunzi. Kila kinachobaki kina jina, na jina ni dalili kwamba kilikuwa na kazi. Mwandishi wa sera anakuja na neno moja, anayafagia yote jalalani. Sasa tazama mkonge: nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani, na kule Hale, Tanga, sehemu iliyobaki ilitiwa kwenye mtambo wa gesi ya kuzalisha umeme. Kinachowasha taa ni taka?

"Mabaki" ni afadhali, ingawa limepoa. Hata jengo lililoungua lina mabaki. Natamani "masazo", kutoka kusaza. Mwenye kusaza ameshiba, kisha akazuia mkono wake kwa makusudi.

Kitenzi hichohicho kingetusaidia kwenye "endelevu", neno lililotoka kwenye kuendelea tu. Moto wa nyikani nao huendelea. Kijijini ningesema: tuchume na kusaza. Sera ibaki na "endelevu" yake, mradi ielezwe hivyo.

Na umoja wa masazo? Sazo. Nimelitamka mara tatu, halijanikwaza ulimi. Lijaribu nawe.