Hedhi ikikaribia kukoma, hasira na huzuni si pepo

Mwanamke wa makamo anayeamka saa nane za usiku katika chumba cha kupanga huko Kisauni, shuka limelowa jasho na moyo ukimdunda, huwa na mengi ya kulaumu: joto la kaskazi, paa la mabati, mawazo ya karo. Aghalabu asilolifikiria ni hedhi inayoelekea kukoma.

Kwa kawaida hedhi hukoma baina ya umri wa miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Hata hivyo, mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla ya hapo, na kipindi hicho cha kutangulia ndicho kinachotikisa akili zaidi. Homoni ya estrojeni haishuki taratibu kama maji yanayokupwa. Hupanda na kushuka ovyo, nayo ina mchango katika utendakazi wa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na utulivu wa moyo na usingizi. Ndipo huja hasira za ghafla, wahka, machozi ya mara kwa mara na usahaulifu. Kukesha kwa ajili ya jasho huzidisha yote hayo.

Kwa wanawake Waislamu wa Likoni na kwingineko kuna uzito usiozungumzwa sana: damu inayokuja bila mpangilio huleta shaka kuhusu swala na saumu.

Nyumbani hali hii hupewa majina mengine. Mume husema mkewe amekuwa mkali. Mawifi na majirani hunong'ona kuhusu pepo au husuda, na fedha huishia kwa mganga. Kupungwa pepo huenda kukampa mtu faraja ya kuzungukwa na wenzake, na hilo si dogo, ila hakutibu sonona.

Na sonona, ule ugonjwa wa huzuni kuu, ndiyo ya kuogopwa. Huzuni ya siku mbili tatu hupita. Ikidumu wiki mbili au zaidi, pamoja na kupoteza hamu ya chakula, kazi na watu, yahitaji tabibu. Aliye hatarini zaidi ni aliyewahi kuugua sonona, ikiwemo ile ya baada ya kujifungua. Mawazo ya kujiua hayangojewi hata siku moja.

Daktari huweza kuchunguza kwanza upungufu wa damu na tezi ya shingo, kwa kuwa dalili zake hufanana na hizi. Tiba ya homoni, iliyoogopwa mno baada ya utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, leo huonekana kuwa na faida kuliko hatari kwa wengi wenye dalili kali walio chini ya miaka 60, ila si kwa waliowahi kuugua saratani ya matiti au kugandwa na damu mishipani. Ushauri nasaha na dawa za sonona pia husaidia.

Huduma za afya ya akili zimo katika Hospitali ya Port Reitz, Changamwe. Mkazi wa Likoni hupanda feri kisha matatu. Wa Kisauni huvuka daraja la Nyali na kukatiza kisiwani. Anayechelea safari hiyo, au kuonekana huko na jirani, aweza kuanzia zahanati ya mtaani na kuomba barua ya rufaa. Akiwa ameandika tarehe za hedhi zake za miezi ya karibuni, atakuwa amemrahisishia tabibu kazi.