Ushuru Ulioihamisha Bandari: Dubai, Lingeh na Somo la Kariakoo

Majuma machache yaliyopita, katika semina ya historia ya uchumi, niliwauliza wanafunzi wangu kwa nini mfanyabiashara wa Kariakoo hupanda ndege kwenda Dubai kununua bidhaa ambazo hazikutengenezwa Dubai. Mmoja wao alijibu bila kusita: "Mwalimu, wale wana mafuta." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Sikumlaumu, kwa maana nami nilikua na jibu hilohilo. Utotoni, mjomba aliporejea kutoka huko na redio ya kaseti na mablanketi mazito, tuliambiwa kwamba utajiri wa Waarabu unachimbwa ardhini. Jibu hilo linapendwa kwa sababu linatupa udhuru: ikiwa siri ni mafuta, nasi hatuna, basi hatuna la kujifunza.

Tarehe zinalikanusha. Mafuta ya Dubai yaligunduliwa mwaka 1966, na shehena ya kwanza ikauzwa nje mwaka 1969. Wakati huo mji ule ulikwisha kuwa soko la Ghuba kwa zaidi ya nusu karne. Ili kuelewa jambo hilo, yatupasa kuvuka maji hadi ng'ambo ya pili, kwenye mji ambao wengi wetu hatujapata kuusikia: Lingeh, katika pwani ya Uajemi.

Katika karne ya 19 Lingeh ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya biashara ya sehemu ile. Lulu, mchele, nguo na viungo vilipitia huko. Mwaka 1887 serikali ya Uajemi iliwaondoa watawala wa Kiarabu wa mji huo na kuushika moja kwa moja. Kisha, karne ilipokuwa ikigeuka, ikitafuta fedha kwa haraka, iliikabidhi forodha yake kwa maofisa kutoka Ubelgiji, ushuru ukapanda na usimamizi ukawa mkali. Kwa mtazamo wa hazina, hesabu ilikuwa sahihi: mizigo ni mingi, basi itozwe zaidi. Hesabu hiyo ilisahau kwamba mfanyabiashara ana jahazi.

Dubai ya wakati huo ilikuwa mji mdogo kando ya hori, uliokaliwa tangu mwaka 1833 na watu wa ukoo wa Al Maktoum waliotoka Abu Dhabi. Mtawala wake, Sheikh Maktoum bin Hasher, aliyetawala kuanzia mwaka 1894 hadi 1906, aliona kilichokuwa kikitokea upande wa pili. Aliondoa ushuru wa forodha, akawaalika wafanyabiashara wa Lingeh na kuwapa ardhi ya kujenga. Wengi walikuja kwa muda tu, wakitumaini kwamba serikali yao ingelegeza masharti. Haikulegeza. Wakazileta familia zao, wakajenga nyumba zenye minara ya kunasa upepo, na mtaa wao ukaitwa Bastakiya kwa kumbukumbu ya mji wa Bastak walikotoka. Meli za Waingereza zilizokuwa zikitia nanga Lingeh zikaanza kupita Dubai. Lingeh ikabaki na viwango vyake vya ushuru bila mizigo ya kutoza. Mtaka yote hukosa yote.

Historia iliyofuata inaonyesha kwamba lile halikuwa tukio la bahati. Biashara ya lulu ilipoporomoka kuanzia mwaka 1929, kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia na lulu za kufugwa za Japani, Dubai iliumia sana. Haikufa, kwa sababu ilikuwa na kazi ya pili: kupokea bidhaa za wengine na kuziuza kwa wengine. Hori lilipojaa mchanga, Sheikh Rashid bin Saeed, aliyeshika utawala mwaka 1958, alikopa fedha Kuwait ili kulichimba. Alikopa kabla ya kuona tone la mafuta. Katika miaka ya 1960 dhahabu iliingia Dubai kihalali kutoka Ulaya, ikaondoka kwa majahazi kwenda India, ambako serikali ilizuia uingizaji wake. Kwa mara nyingine sheria ngumu ya jirani iligeuka kuwa faida ya Dubai. Fedha za mafuta zilipokuja, sehemu kubwa ilitumika kupanua kazi iliyokuwapo: Bandari ya Rashid mwaka 1972, Jebel Ali mwaka 1979, na eneo huru la Jebel Ali mwaka 1985, ambako mgeni aliruhusiwa kumiliki kampuni yake yote, ilhali nje ya maeneo kama hayo sheria ilimtaka awe na mshirika mwananchi.

Nisieleweke kwamba ninaimba sifa. Lulu zile zilizamiwa pia na watumwa, wakiwamo watu waliochukuliwa katika pwani yetu. Mwaka 1938 wafanyabiashara wa Dubai walidai baraza la kusimamia mapato. Baraza likaundwa, na mwaka uliofuata likavunjwa kwa nguvu. Uhuru wa kuuza haukuwa uhuru wa kusema. Mfumo wa kafala, uliomfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake, umewatesa maelfu, na miongoni mwao wamo dada zetu wa Afrika Mashariki. Anayetaka kuinakili Dubai nzima anataka pia mambo hayo.

Lakini lipo jambo moja tunaloweza kulichukua bila aibu. Kodi haikuwa adui wa biashara ile. Adui alikuwa kushtukiza. Umoja wa Falme za Kiarabu wenyewe sasa unatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 tangu mwaka 2018, na kodi ya asilimia 9 juu ya faida ya makampuni tangu Juni 2023. Hiyo ya pili ilitangazwa mwishoni mwa Januari 2022, takribani miezi kumi na sita kabla. Mfanyabiashara alipewa muda wa kupanga hesabu zake.

Mwezi Mei 2023, kodi hiyo ilipokaribia kuanza, maduka ya Kariakoo yalikuwa yamefungwa. Wafanyabiashara waligoma wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, hata Waziri Mkuu akalazimika kwenda kuwasikiliza. Juni 2024 walifunga tena. Kariakoo haiwauzii Watanzania peke yao. Hununua humo Wakongo, Wazambia na Wamalawi. Hao pia wana jahazi lao, nalo leo ni basi, ndege na simu ya mkononi.

Katikati ya migomo hiyo miwili tulibishana vikali kuhusu DP World kupewa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam, na Oktoba 2023 mikataba ya miaka 30 ikatiwa saini. Mjadala ulikuwa wa haki na wa lazima. Hata hivyo nilisikia wachache waliokumbuka kwamba DP World ni kampuni ya serikali ya Dubai, iliyotokana na bandari zilezile nilizozitaja. Tulizoea kusema kwamba mashirika ya umma hayawezi kuendesha bandari, kisha tukaliita shirika la umma la wenzetu lije kutuendeshea yetu. Tumeagiza tunda, na mbegu hatujaiulizia.

Nilimrudia mwanafunzi wangu na swali lingine: Lingeh ilikosa nini? Alifikiri kwa muda, akasema, "Ilikuwa na bandari, Mwalimu. Ilikosa subira." Kwa ndugu zangu mnaokaa katika ofisi za mapato na biashara, na ninyi mnaojiandaa kukaa humo, jibu hilo ninawaachia. Kabla ya kutia saini waraka unaoanza kutumika kesho, kumbukeni kwamba soko pia huhama, nalo halimuagi mtu.