Jina Kwenye Taa

Warumi waliandika majina kwenye taa zao, lakini hayakuwa majina ya watu waliolala karibu nazo. Ukigeuza baadhi ya taa za udongo zilizofyatuliwa kaskazini mwa Italia kuanzia karne ya kwanza baada ya Kristo, chini ya kitako utakuta herufi zilizoinuka: FORTIS. Ni jina la mtengenezaji. Karakana yake inahusishwa na mji wa Modena, na taa zake zilipendwa kiasi kwamba mafundi wa majimbo mengine ya dola walichukua taa iliyokwisha kutengenezwa, wakaifanyia kalibu, wakafyatua nyingine, na nyingine tena, jina likiwa bado lipo chini. Kwa lugha ya Kariakoo, kulikuwa na Fortis orijino na Fortis feki.

Nimefika kwa Fortis kwa sababu ya mtoto wa miaka minne. Kaka yangu na mkewe wamehamia nyumba yenye vyumba vitatu, mtoto wa pili amezaliwa, na binti yao mkubwa amepewa chumba chake. Usiku wa kwanza alikaa humo kama dakika kumi, kisha akasikika kwenye korido akiburuta mto. Usiku wa pili hakutaka hata kuingia. Mimi shangazi mtu nikaahidi taa, mojawapo ya zile zenye kitako cha mbao na kipande cha akriliki kilichochongwa jina la mtoto, pengine na mwezi au twiga pembeni. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu kodi ya kibanda, haina taa hata moja, lakini kwa juma zima nimesoma habari za taa tu. Nilitaka kujua tangu lini mtoto amepata haki ya kuandikwa jina lake kwenye taa.

Kwa muda mrefu haki hiyo ilikuwa ya watu wawili: aliyeitengeneza taa na aliyeilipia. Fortis ni wa kundi la kwanza. Kwa kundi la pili, sijaona mfano mzuri kuliko taa za misikiti ya Kairo za zama za Wamamluki, karne ya 14. Ni taa za kioo, tumbo pana na mdomo uliopanuka, zilizoning'inizwa kwa minyororo na kupambwa kwa enameli na dhahabu. Shingoni mara nyingi kuna sehemu ya aya ya 35 ya Surat An-Nur, ile inayofananisha nuru ya Mwenyezi Mungu na taa iliyomo ndani ya kioo, katika shubaka. Tumboni kuna jina na vyeo vya sultani au amiri aliyetoa fedha. Baadhi ya maamiri waliweka na nembo ya kazi yao: aliyekuwa mnyweshaji wa sultani alichora kikombe. Nyingi za taa zilizotengenezwa kwa ajili ya msikiti na madrasa ya Sultan Hasan, jengo lililoanzwa mwaka 1356, zipo hadi leo katika makumbusho.

Jambo moja katika taa hizo lilinifanya nifunge kompyuta nikatembee kidogo. Kwenye baadhi yake herufi za jina hazikupakwa rangi. Fundi alipaka buluu kuzizunguka, akaziacha zenyewe zikiwa kioo kitupu. Mchana unaona buluu. Usiku mafuta yakiwaka ndani, mwanga unapita pale palipoachwa wazi na jina la tajiri linawaka juu ya vichwa vya wanaosali.

Waarabu waliita taa ya namna hiyo qindil, neno lililotokana na candela la Kilatini, na sisi tukalipokea kama kandili. Kwa hiyo bibi wa Pangani aliyeomba kandili kutoka uani alikuwa anatumia neno lililopita Roma na Kairo kabla ya kumfikia. Maneno yetu ya mwanga karibu yote yana safari za aina hii. Chemli ni chimney ya Kiingereza, yaani kile kioo kirefu kinachokinga mwali. Karabai imetokana na carbide, ile kemikali iliyotiwa maji ili itoe gesi ya kuwaka. Taa zenyewe zilipokuja kubadilishwa na zile za kupampu mafuta ya taa, jina lilibaki. Sijui kwa nini somo hili halifundishwi sekondari. Historia nzima ya biashara ya Bahari ya Hindi ingeingia katika orodha ya taa za nyumba moja.

Mtoto anaanza kuonekana Uingereza, karne ya 19. Katika miaka ya 1880 Samuel Clarke wa London aliuza mishumaa mifupi minene ya kuwaka usiku, ikiwa ndani ya vikombe na makuba ya kioo cha rangi, kwa majina ya Pyramid na Fairy. Zilikuwa kwa ajili ya vyumba vya wagonjwa na vyumba vya watoto. Watu wa tabaka la kati walikuwa wameanza kumlaza mtoto chumba chake, mbali na wazazi, na hapo ndipo giza lilipokuwa tatizo la kununuliwa dawa dukani. Hata hivyo, kwenye kioo liliandikwa jina la Clarke. Tukumbuke pia kwamba viwanda vikubwa vya mishumaa vya London wakati huo, kama cha Price huko Battersea, vilitumia mawese kutoka Afrika Magharibi. Usingizi wa mtoto wa Kiingereza ulikuwa na shamba lake mahali fulani.

Nyumbani kwetu, Upareni, hakukuwa na chumba cha mtoto. Kulikuwa na chumba cha watoto, na hiyo ni habari nyingine kabisa: tulilala wanne, miguu ya mmoja ikiwa kifuani kwa mwingine, na giza halikuwa na nafasi ya kukaa. Taa yetu ilikuwa kibatari, wengine wanasema koroboi, kilichotengenezwa na fundi wa mabati kutokana na kopo la maziwa ya unga, utambi ukiwa kipande cha kitambaa. Nacho kilikuwa na maandishi. Fundi alikuwa amekata kopo na kuligeuza, hivyo jina la kiwanda cha maziwa lilikaa kichwa chini miguu juu. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza niliyojaribu kuyasoma, nikiwa nimeinamisha shingo.

Kibatari ni moto ulio wazi. Kaka yangu ana kovu kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwikoni hadi karibu na kiganja, tangu usiku alipokuwa anafanya hesabu za darasa la tano na kibatari kikapinduka. Hajawahi kulizungumzia mbele yangu. Aliponipigia kuhusu taa ya binti yake aliuliza swali moja tu: inapata moto? Nikamwambia hapana, ni LED, unaweza kuishika. Akasema basi sawa.

Baada ya usiku ule Mama aliweka sheria: mkishakula, kinazimwa. Sababu moja ilikuwa kovu, nyingine ilikuwa bei ya mafuta. Na hapa mchumi William Nordhaus, aliyepata Nobel mwaka 2018, amenisaidia kumwelewa mama yangu. Katika miaka ya 1990 aliamua kukokotoa bei ya mwanga tangu zama za kale, si kwa fedha bali kwa saa ambazo mtu alipaswa kufanya kazi ili aupate. Alikwenda mbali hadi kununua taa ya udongo ya Kirumi, akaijaza mafuta ya ufuta na kupima mwanga wake. Alichokuta ni kwamba kwa kipimo hicho bei imeshuka kwa maelfu ya mara, na sehemu kubwa ya mshuko huo ni ya miaka 200 iliyopita. Mwanga ukiwa ghali, unamulikia kazi: kula, kushona, kusali, hesabu za darasa la tano. Kumwashia taa mtu aliyelala kunawezekana pale tu unapokaribia kuwa bure.

Mama amekuja Dar es Salaam kumsaidia wifi na mtoto mchanga, na analala, kama ulivyobashiri, katika chumba cha mtoto. Nilipomwonyesha picha za taa kwenye simu alizitazama kwa heshima, kisha akauliza, "Taa ya nini kwa mtu aliyefumba macho?"

Kuchagua kwenyewe kulikuwa rahisi kwa kadiri fulani. Rangi ilikuwa jambo la kwanza. Taa nyingi za LED zinazoonekana nyeupe ni za buluu ndani, zikiwa na unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano. Ni uvumbuzi ule wa diodi ya buluu uliowapa Akasaki, Amano na Nakamura Nobel ya fizikia mwaka 2014. Ubaya ni kwamba mwanga wenye buluu nyingi ndio unaouambia mwili kwamba kumekucha na kuuzuia kutoa melatonini, homoni ya usiku. Nikaachana na zile zinazobadilisha rangi saba kwa rimoti, ingawa najua mtoto angezipenda hizo kuliko zote. Nilitaka manjano iliyokolea, hafifu, karibu na rangi ya utambi.

Wifi naye alinitumia onyo kwa WhatsApp, kwamba mtoto anayelala na taa atakuja kuvaa miwani. Onyo hilo lina asili ya kweli. Mwaka 1999 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliokuta watoto waliolala na taa kabla ya kufika miaka miwili wakiwa na tatizo la kutoona mbali kuliko wenzao. Mwaka uliofuata watafiti wengine walirudia kazi hiyo wasiuone uhusiano huo. Walichoona ni kwamba wazazi wenye tatizo hilo ndio waliokuwa na mazoea ya kuwasha taa chumbani kwa watoto, na macho hurithiwa. Nilimwandikia wifi maelezo haya yote. Akajibu kwa kidole gumba.

Kilichobaki ni jina, na hapo ndipo nilipokaa siku nne.

Mtoto ana majina mawili. Moja alichagua mama yake tangu akiwa na mimba, fupi, zuri, la herufi nne. La pili ni la Mama, kwa sababu katika ukoo wetu binti wa kwanza humchukua bibi mzaa baba. Sitayaandika hapa, ni ya mtoto. Shuleni anaitwa la kwanza. Mama humwita la pili, na mtoto huitika yote bila kuona ajabu. Lakini kipande cha akriliki cha upana wa sentimita 15 hakitaki majina mawili, na kila mtu mzima katika nyumba ile alikuwa na maoni ambayo hakuyasema mezani. Kaka alisema, "Muulize mama yake." Mama alisema mtoto ni wa wenyewe. Nilimpigia wifi nikitegemea jibu ninalolijua.

"Andika la Bibi," akasema. "Langu liko kwenye cheti cha kuzaliwa, liko kwenye kadi ya kliniki, liko kwenye madaftari. La Bibi umewahi kuliona limeandikwa wapi?"

Nilifikiri. Kwenye kitambulisho cha Mama kuna jina la ubatizo. Kwenye kadi ya benki, hilohilo. Jina alilopewa na baba yake, ambalo majirani wa kule mlimani humwitia hadi leo, mimi mwanafunzi wa historia sikuweza kukumbuka nimelisoma kwenye karatasi yoyote. Hata tahajia tulibishana. Kaka aliweka h, mimi sikuweka. Mama mwenyewe alipoulizwa alicheka, akalitamka polepole mara tatu, na h ikasikika.

Fundi wa Kariakoo ana mashine ya leza kubwa kama friza. Alinieleza kazi yake huku mashine ikichora. Taa iko ndani ya kitako, inamulika ukingo wa chini wa akriliki. Mwanga unaingia na kusafiri ndani, ukigonga kuta za kipande na kurudi ndani tena na tena, bila kutoka. Ni jambo lilelile ambalo Daniel Colladon aliwaonyesha watu Geneva miaka ya 1840 kwa mwanga uliofuata mkondo wa maji uliopinda. Unatoka pale tu uso ulipokwaruzwa. Kwa hiyo usipochora chochote, unapata kipande kilicho karibu kuwa giza. Nilimwambia habari za vioo vya Kairo. Akasema, "Kumbe wa zamani nao walijua," akapuliza vumbi jeupe kwenye herufi.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: akriliki ni angavu, jina litasomeka sawa upande mmoja na kinyume upande wa pili, je, litazame mlango au kitanda? Wateja wengi, alisema, huchagua mlango, ili mgeni akiingia alisome. Nikamwambia kitanda. Mwenye chumba hajui kusoma bado, ila ameshajua kuitambua h, anaiita kiti.

Taa imekaa wiki tatu sasa. Mtoto analala. Akishasinzia Mama anainuka, anabonyeza swichi, chumba kinakuwa giza kama Upareni. Saa nane usiku wifi akiamka kumnyonyesha mdogo hupitia mlangoni na kuiwasha tena, na asubuhi hakuna kati yao anayelitaja.