Nani Mlezi wa Sauti za Busara?

Februari ya mwaka 2016 ilipita Unguja bila Sauti za Busara. Tamasha hilo la muziki, lililoanza mwaka 2004 na kupata makao yake Ngome Kongwe, lilikuwa limekwisha kujijengea jina ndani na nje ya Afrika. Wasanii walikuwapo, mashabiki walikuwapo, kaskazi ilikuwa ikivuma kama kawaida. Kilichokosekana ni fedha. Waandaaji wake, taasisi isiyo ya kiserikali ya Busara Promotions, walitangaza mapema kwamba michango ya wafadhili haikutosha. Mwaka 2017 tamasha likarudi, na wengi wakalisahau pengo lile. Wapo waliolichukulia kuwa ushahidi kwamba Busara ni mradi wa wageni: hela za Wazungu zikikatika, ngoma inanyamaza. Hukumu hiyo imetolewa kwa haraka. Ukiifuatilia historia ya muziki wa Zanzibar na wa Tanzania Bara, utaona kwamba muziki unaopigwa na kundi zima jukwaani haukupata kuishi kwa kiingilio peke yake. Kila zama ulikuwa na mlezi wake, na zama zetu bado hazijaamua mlezi huyo awe nani.

Tuanze na taarab. Masimulizi ya Unguja yanamtaja Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kuwa ndiye aliyemtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi, ili aje kuitumbuiza kasri. Hapo mlezi alikuwa mfalme. Mwaka 1905 wakaja Ikhwani Safaa, na ulezi ukahamia kwenye klabu: wanachama wakichangishana, wakinunua ala, wakifundishana. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba asiye wa kasri wala wa klabu za wakubwa, alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, mlezi alikuwa kampuni ya sahani za santuri iliyoona biashara katika sauti yake. Baadaye siasa nazo zikaingia. Culture Musical Club ina asili yake katika vuguvugu la vijana wa Afro-Shirazi Party la miaka ya 1950. Bara mambo hayakuwa tofauti. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya shirika. Nyimbo zile ambazo leo tunaziita zilipendwa zilitungwa na watu waliokuwa na uhakika wa mlo hadi mwisho wa mwezi.

Uchumi ulipofunguliwa, mashirika mengi yakayumba na ulezi ule ukapungua. Miaka ya 1990 vituo vya redio vya binafsi vikaanza, studio za kompyuta zikaongezeka, na kijana mmoja mwenye kipaji akaweza kutoa wimbo bila mpiga besi wala mpiga ngoma. Huo ulikuwa ukombozi wa kweli. Bongo fleva isingezaliwa vinginevyo. Lakini jukwaani ulileta mazoea ya pleibeki: msanii anapanda na sidii, fundi mitambo anaibonyeza, na mwimbaji anafuatisha sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Hata katika taarab ya kisasa kinanda kimoja kilichukua kazi za wapiga fidla wengi. Katika hali hiyo Busara ikaanza, ikiongozwa na Yusuf Mahmoud, Mwingereza aliyehamia Zanzibar, na ikaweka sharti moja: anayepanda jukwaani apige laivu. Sharti hilo ndilo lililolipa tamasha sura yake. Ndilo pia lililolifanya kuwa ghali.

Ughali wenyewe unaonekana vizuri zaidi pale kundi la taarab asilia linapojiandaa. Kanuni peke yake ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatutatu kwa kila sauti, na unyevunyevu wa bahari unatosha kuzilegeza. Mpigaji huinama juu yake na ufunguo mdogo, akikaza uzi mmoja mmoja huku jukwaa likimsubiri. Udi unataka maikrofoni yake, fidla zinataka zao, akodioni, ngoma na waitikiaji vilevile. Wote hao wanahitaji nauli, chakula, malazi kama wametoka mbali, na muda wa kupima sauti mchana kabla geti halijafunguliwa. Msanii wa pleibeki huja na kijikadi mfukoni na watu wawili wa kumsindikiza. Ukiweka bajeti hizi mbili mezani, utaelewa kwa nini mapromota wengi huchagua ya pili, na kwa nini tamasha linalochagua ya kwanza usiku baada ya usiku haliwezi kurudisha gharama zake kwa tiketi.

Hapa yupo atakayesema kwamba sharti la laivu ni la kizee, linawafungia mlango vijana. Orodha ya waliopanda jukwaa hilo inakataa. Bi Kidude, mwimbaji mkongwe aliyefariki Aprili 2013, alikuwa miongoni mwa nyota zake, lakini Jagwa Music, kundi la mchiriku kutoka uswahilini Dar es Salaam, nalo limepanda, na kinanda chao cha bei rahisi kilichopitishwa kwenye spika kwa fujo hakina uzee wowote. Kinachodaiwa ni mikono inayopiga. Umri wa ala si hoja. Chuo cha muziki cha DCMA kimekuwa kikifundisha udi, kanuni na fidla Mji Mkongwe tangu 2002, na wahitimu wake wanahitaji jukwaa linalowalipa. Bila jukwaa la namna hiyo, tunasomesha vijana kazi ambayo haina mwajiri.

Hoja ya kwamba tamasha ni la watalii ina uzito zaidi. Ni kweli Ngome Kongwe hujaa wageni, na wapo wazee wa mji wanaolalamikia mavazi na pombe. Malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa, kwa kuwa Mji Mkongwe ni mtaa wa watu wanaoishi na kusali humo. Lakini kiingilio cha Mtanzania kimewekwa chini sana kuliko cha mgeni, na gwaride la ufunguzi, lenye beni na ngoma, hupita barabarani bila tiketi. Kwa maneno mengine, mgeni anamlipia mwenyeji. Na huyo mgeni hakuja kwa ndege, akalala hotelini, akala na kupanda teksi bure. Faida yote hiyo huenda kwa wafanyabiashara, ambao wengi wao hawakuchangia gharama za jukwaa lililomleta.

Ndiyo maana jibu la kwamba soko liamue halitoshi. Soko limekwisha kuamua kwamba Februari ya Zanzibar ina thamani. Halijaamua nani alipe wapigaji. Wafadhili wa Ulaya walishika nafasi iliyoachwa na kasri, klabu na mashirika ya umma, na mfadhili wa mbali hubadilisha vipaumbele vyake bila kuuliza mtu wa Malindi au Michenzani. Sehemu ndogo ya tozo zinazolipwa na wageni hotelini ingeweza kutengwa kwa sheria kwa ajili ya muziki wa kupigwa, na wenye hoteli, mashirika ya ndege na kampuni za simu wangeweza kuingia mikataba ya miaka mingi badala ya kutoa mabango ya msimu mmoja. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na wenye mahoteli wakae meza moja na waandaaji wakubaliane nani anatoa nini, kwa maandishi, kabla mwaka mwingine haujapita kimya.