Gelatini: Kutoka Saladi ya Kusini mwa Marekani hadi Meza ya Fiqhi

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake wote. Amma ba'ad,

Katika majimbo ya kusini mwa Marekani kipo chakula ambacho ni nadra kukosekana kwenye karamu za kanisa, chakula cha sikukuu na nyumba ya msiba. Ni saladi ya matunda iliyogandishwa kwa gelatini. Mwislamu wa huko aliyesilimu huku jamaa zake wakiwa bado Wakristo, au ndugu yetu wa Afrika Mashariki aliyehamia huko, huletewa sahani hiyo na shangazi au jirani kwa moyo safi kabisa. Je, aile? Na akiikataa, aikatae vipi bila ya kukata udugu? Ili tujibu kwa elimu, inatupasa kwanza tujue kitu hiki kimetoka wapi.

CHAKULA CHENYEWE NA HISTORIA YAKE

Upishi wake ni mwepesi. Unga wa jeli wenye rangi na ladha ya tunda huyeyushwa katika kikombe cha maji yanayochemka, kisha huongezwa maji baridi au juisi ya nanasi. Huwekwa kwenye friji mpaka uwe mzito kama ute wa yai bichi. Hapo hutiwa nanasi la kopo lililokatwakatwa, jibini laini na njugu za pekani, na wengine huongeza mayonezi. Vyote humiminwa katika chombo chenye umbo la pete, vikaachwa saa kadhaa vigande, kisha hupinduliwa juu ya majani ya saladi. Ingawa ni kitamu kama halua, watu wa Kusini hukila pamoja na nyama na mboga, na ndiyo maana wakakiita saladi.

Zamani jeli ilikuwa chakula cha matajiri. Mpishi alichemsha miguu ya ndama kwa saa nyingi, akachuja na kuondoa mafuta. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin alibuni chungu cha mvuke kilicholainisha hata mifupa, na mwaka 1845 Peter Cooper wa New York, ambaye pia alikuwa na kiwanda cha gundi, akapata hataza ya gelatini kavu. Mwaka 1897 Pearle Wait, seremala wa mji wa LeRoy, jimbo la New York, alichanganya gelatini na sukari na ladha ya matunda, na bidhaa hiyo ikaitwa Jell-O. Hakufanikiwa kuiuza, na mwaka 1899 akamwachia jirani yake Orator Woodward kwa dola 450. Mikononi mwa Woodward ikaenea Marekani nzima.

Kusini ilikawia kidogo, kwani jeli haigandi katika joto bila ya barafu au friji, na mashamba mengi ya huko hayakuwa na umeme. Serikali ya Roosevelt ilipoanzisha mwaka 1935 idara ya kupeleka umeme vijijini, friji zilianza kuingia majumbani, na saladi hii nayo ikaingia. Mama wa nyumbani aliweza kuiandaa usiku na kuipeleka msibani asubuhi.

Hapa tusimame kidogo. Kupeleka chakula kwa wafiwa si jambo geni kwetu. Ja'far bin Abi Twalib (Radhiya Allahu 'anhu) alipouawa shahidi katika vita vya Mu'tah, mwaka wa 8 Hijriya, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliamrisha ahli zake watengenezewe chakula kwa sababu wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhiy. Basi nia ya jirani huyo wa Kusini ni njema, na ni nia tunayoijua. Mushkeli uko katika kile kilichomo ndani ya sahani.

GELATINI NI NINI?

Kila aliyekunywa supu ya makongoro anaijua gelatini. Supu hiyo ikilala usiku mahali pa baridi, asubuhi huikuta imeganda na kutikisika. Gelatini ni protini inayotolewa kwenye ngozi, mifupa na kano za wanyama kwa asidi au alkali na maji ya moto. Viwandani vyanzo vyake vikubwa ni ngozi ya nguruwe, na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Ng'ombe hao wengi hawakuchinjwa kisheria. Kwa hiyo ndani ya saladi ya matunda yaweza kuwamo nguruwe au nyamafu, ambavyo Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) ameviharimisha katika Suratul Baqarah 2:173, Al-Maidah 5:3, Al-An'am 6:145 na An-Nahl 16:115.

IKHTILAFU YA WANAZUONI

Msingi wa mas-ala haya ni istihala, yaani kitu kugeuka dhati yake kikawa kitu kingine. Wanazuoni wamekubaliana kwamba pombe ikigeuka siki yenyewe huwa twahara. Kisha wakakhitalifiana katika vinginevyo. Muhammad bin al-Hasan katika Mahanafi, na fatwa ya madhehebu iko juu ya kauli yake, aliona kwamba punda akianguka katika shimo la chumvi akageuka chumvi, basi hiyo ni chumvi na hukumu yake ni ya chumvi. Abu Yusuf alimkhalifu. Wamalik wengi, Ibn Hazm, Ibn Taymiyyah na Ibnul Qayyim (Allah awarehemu) wako karibu na kauli ya Muhammad. Ama Mashafi, ambao ndio wengi katika mwambao wetu, na kauli mashuhuri ya Mahanbali, wao hawakukubali kwamba najisi ya dhati hutwahirika kwa kugeuka, isipokuwa katika mambo machache kama siki hiyo.

Zama zetu ikhtilafu hii ilifika kwenye mabaraza. Majmau ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha tatu Amman mwaka 1986, iliulizwa na taasisi ya Waislamu ya Washington, ikajibu kwamba haijuzu kutumia katika chakula gelatini ya nguruwe, kwani vya mimea na vya wanyama waliochinjwa kisheria vinatosheleza. Mwaka 1995 wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait chini ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi ya Tiba waliona kwamba gelatini iliyotokana na istihala ni twahara na yaliwa. Mwaka 1998 Majmau ya Fiqhi ya Makka ikaruhusu gelatini ya vitu vya halali na kuikataza ya nguruwe.

JE, GELATINI IMEGEUKA KWELI?

Hapa ndipo penye uzito. Hata anayeikubali istihala hana budi kuthibitisha kwamba imetokea. Tukiitazama gelatini, tunaona ni protini ile ile ya ngozi na mfupa, iliyofumuliwa na kukatwa vipande. Asidi zake za amino kwa jumla ni zile zile. Maabara za leo zaweza kupima vipande hivyo na kutofautisha gelatini ya nguruwe na ya ng'ombe. Chumvi ya Imamu Muhammad haikubakiza alama ya punda.

Jiko nalo lina ushahidi wake. Mapishi ya saladi hii husisitiza nanasi la kopo, si bichi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na ukilitia, jeli haigandi. La kopo limepita kwenye moto, kimeng'enya chake kimekufa. Mama zetu wa pwani hulainisha nyama ngumu kwa papai bichi kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Basi kile kinacholainisha nyama huivunja gelatini pia. Hatusemi kwamba hii ni hoja ya kukata, lakini ni karina inayoonyesha kuwa asili haijaondoka.

Na tukumbuke kondoo mfu wa mjakazi aliyeachwa huru na Maymuna (Radhiya Allahu 'anha), katika hadithi ya Bukhari na Muslim. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliwaelekeza wanufaike na ngozi yake, akabainisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Kunufaika na ngozi ni mlango mmoja, na kula ni mlango mwingine.

Kwa hayo tunaona kauli yenye nguvu ni kujiepusha na gelatini ya nguruwe, na ya nyamafu pia, katika chakula. Ama dawa, hiyo ina milango yake ya dharura na haja, na si maudhui yetu leo. Wala haijuzu kumtuhumu Mwislamu aliyefuata rai ya istihala kwamba amekula nguruwe. Amefuata wanazuoni wenye dalili zao.

NJIA YA KUTOKEA

Allah hakutubana. Ipo gelatini ya ng'ombe waliochinjwa kisheria na ipo ya samaki. Ipo pia agari ya mwani, ambayo huganda bila ya friji na haivunjwi na nanasi bichi, kwa kuwa si protini. Na mwani unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu mwaka 1989, huko Paje, Jambiani na kwingineko, kazi kubwa ikifanywa na kina mama, ndiko inakotoka karajini, kigandishi kinachotumika duniani kote.

Basi ewe ndugu uliyeletewa sahani hiyo, usiirudishe kwa ukali. Asmaa bint Abi Bakr (Radhiya Allahu 'anhuma) aliruhusiwa na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kuunga udugu na mama yake aliyekuwa bado mshirikina. Mshukuru shangazi yako, mweleze kwa upole kilicho ndani ya unga ule, kisha mwaka ujao wewe ndiye utengeneze saladi hiyo kwa agari, uipeleke mezani pao. Watakula, na wataona kwamba dini yako haikukutoa katika ukoo wao.

Ama maimamu wetu, wakiulizwa wasikimbilie kusema halali wala haramu kabla ya kuuliza gelatini hiyo ni ya mnyama gani na amechinjwa vipi. Halali iko wazi na haramu iko wazi, na mwenye kujihadhari na yenye shubuha baina yake ameihifadhi dini yake na heshima yake.

Wallahu A'lam.