Fremu Moja, Kauli Nyingi: Juu ya Vidirisha Ibukizi katika Programu za Simu

Tangu Andrew Hunt na David Thomas walipofundisha, katika kitabu chao cha mwaka 1999, kwamba ujuzi mmoja usiwekwe mahali pawili ndani ya mfumo, imekuwa ada kwa wasanidi wa programu kuhukumu kwamba kidirisha cha uthibitisho, kile kiibukacho mbele ya skrini kumwuliza mtumiaji kama aridhia tendo, kiandikwe mara moja tu, na sentensi yake iachwe na pengo la kujazwa nomino yoyote. Makala hii yaikubali nusu ya kwanza ya hukumu hiyo na kuikataa ya pili.

Juu ya umbo hakuna ikhtilafu. Fremu, mpango wa vitufe na namna ya kufunga vyafaa kuwa vya pamoja. Katika Flutter, zana ya kuundia programu za simu, kwa mfano, mtumiaji agusapo nje ya kidirisha programu hupokea jibu tupu, lisilo ndiyo wala hapana. Basi kidirisha cha pamoja huamua mara moja kwamba utupu ni kukataa, na uamuzi huo hutawala kote.

Ikhtilafu yaanzia kwenye maneno. Natukadirie programu ya kupokea mazao ya bustani wilayani Lushoto, ambako wakulima wa milima ya Usambara hupeleka kabichi, karoti na viazi hadi masoko ya Dar es Salaam. Sentensi ya pengo, iliyotungwa kwa kufuata Kiingereza ambacho kitenzi chake hakijali ngeli, hutamka, tendo likiisha kuridhiwa, kwamba kitu fulani “imefutwa”. Nayo huifaa oda, lakini gunia limefutwa, mzigo umefutwa, viazi vimefutwa, na mkulima, jina lake likiondolewa daftarini, amefutwa. Wala kanuni za idadi za Unicode, kiwango cha kimataifa cha maandishi ya kompyuta, haziokoi, kwa kuwa hukitambulia Kiswahili hali mbili tu za idadi, umoja na wingi, bila kugusa ngeli. Mtu aliyelelewa kwa Kishambaa, lugha ya milima hiyo ya Usambara yenye ngeli zake yenyewe, hahitaji mwalimu wa sarufi ili atambue kwamba “mkulima imefutwa” ni kauli isiyo na msemaji. Na akiisha kuitilia shaka lugha, huanza kulitilia shaka jambo lenyewe, asijue kama kilichoondolewa ni mtu, oda yake, au daftari zima.

Huenda mpinzani akajibu kwamba swali lenye kitenzi-jina, kama “Ungependa kufuta gunia?”, halidai upatanisho. Ni kweli, lakini kidirisha hakikuwekwa kwa ajili ya swali tu, bali kwa ajili ya matokeo, na hapo ngeli hurejea: hutaweza kulirudisha gunia, kuvirudisha viazi, kumrudisha mkulima. Kusema tu kwamba tendo halitenguki ni kutangaza hatari pasipo kutaja kitakachopotea. Na pale programu inapoomba namba ya simu ya mkulima, hoja huingia katika mamlaka ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Ridhaa iliyotolewa kwa swali la jumla, lisilotaja taarifa wala matumizi yake, ni ridhaa kwa jina tu.

Yasemwa pia kwamba sentensi nyingi ni gharama. Gharama hiyo ni ndogo: sentensi nzima huandikwa katika faili la lugha, moja kwa kila tendo, na fremu huipokea kama ilivyo. Wala Hunt na Thomas hawakukataza maneno yafananayo. Walikataza ujuzi uliorudiwa, na kumfuta mkulima si ujuzi ule ule wa kufuta gunia.

Kwa hiyo fremu na iwe moja, na kila sentensi itungwe nzima na mtu aijuaye lugha. Na msanidi amkabidhiye mfasiri pengo badala ya sentensi ahesabiwe kuwa hajaimaliza kazi yake.