Uchipuaji wa mishipa katika kondo la nyuma

Mbegu huota, shina huchipua. Mkulima havichanganyi vitenzi hivi viwili, na mtunga istilahi naye asivichanganye anapotafuta jina la Kiswahili la anjiojenesi, yaani mishipa mipya ya damu kutokeza kwenye mishipa iliyokwisha kuwapo. Huo ni uchipuaji. "Ukuaji wa mishipa" hautoshi, kwa kuwa mshipa unaweza kunenepa na kurefuka bila kutoa tawi hata moja.

Katika kondo la nyuma, kuota na kuchipua vyote hutokea. Takribani wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, mishipa ya kwanza huota humo kutokana na seli changa ambazo bado si mishipa. Kisha uchipuaji hushika kasi, hadi kondo la nusu kilo hivi linakuwa na vijidole ambavyo ngozi yake, ikitandazwa, hupita mita 10 za mraba. Hapo mtoto hupata oksijeni na chakula bila damu yake kuchanganyika na ya mama.

Uchipuaji huo huongozwa na protini. VEGF na nduguye PlGF, iliyoelezwa na watafiti wa Italia mwaka 1991 baada ya kuipata kwenye kondo lenyewe, zinastahili kuitwa vichochezi vya uchipuaji: hujishika kwenye vipokezi vya seli za mshipa, na seli zikaanza kugawanyika.

Mpinzani wa vichochezi hivyo ni sFlt-1. Hiki nacho ni kipokezi, ila hakina sehemu ya kukishikiza kwenye seli. Huelea katika damu na kunasa vichochezi kabla havijafika. Kukiita "kizuizi" tu ni kuficha namna kinavyozuia. "Kipokezi huru" ni jina bora zaidi.

Mwaka 2003, kundi la Ananth Karumanchi huko Boston liliripoti kwamba kondo la wenye kifafa cha mimba hutoa sFlt-1 kupita kiasi. Panya wenye mimba walipoongezewa protini hiyo, shinikizo lao la damu lilipanda na mkojo ukawa na protini, dalili zile zile za ugonjwa huo.

Ndiyo maana jina "kifafa cha mimba" linatia wasiwasi. Linataja degedege, ilhali ugonjwa huanzia kondoni mapema, na wengi huugua bila degedege kabisa. Mjamzito anayeumwa kichwa mfululizo, anayeona ukungu, asingoje kifafa ndipo aende kliniki. Penye kipimo cha damu, daktari hulinganisha sFlt-1 na PlGF: kwa mjamzito anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu, uwiano usiozidi 38 huonyesha kuwa ugonjwa hauelekei kuzuka ndani ya wiki moja.